Mnong'onezi

Kazi yangu ilikuwa kutoonekana.
Kigoda, tochi ya betri mbili, mswada mapajani,
na Hilarioni Mntangi akipita gizani kunigusa bega:
"Neno la kwanza tu. Ukimpa mawili, umemwibia."

Ukumbi ulikuwa nyuma ya ghala la katani, Chumbageni.
Viti vya kuazima, taa nne, moja ikikohoa.
Pazia letu kanga kumi na sita tulizounga kwa mkono,
kila moja na jina lake,
hata watu wa safu ya mbele walikwisha kusutwa
kabla mchezo haujaanza.

Mntangi aliandika nyuma ya karatasi za reli,
orodha za mizigo ya Korogwe na Mombo.
Unageuza ukurasa, mfalme anakata roho.
Unageuza tena: mahindi, magunia mia mbili.

Mazoezini alituongoza kwa mgongo.
Aligeukia ukuta, akasikiliza.
"Hapo umedanganya," angesema,
na aliyedanganya alijijua.

Usiku ule wa mvua Shekiondo akakauka,
mtu mzima, kanzu ya watu, mdomo wazi kama birika.
Nikafungua ukurasa wa thelathini na moja.
Maji yameula. Wino umebaki bluu,
kama mshipa chini ya ngozi.
Watu mia na ushei wanangoja.
Nikanong'ona cha kwangu:
*Mama, nimerudi, lakini sikuja.*
Akakisema.
Ukumbi ukanyamaza ule unyamavu usiouzwa dukani.

Mntangi hakunisemesha usiku ule.
Alinipa maandazi mawili kwenye gazeti, akaenda zake.

Kisha wakaja vijana wa Dar na kamera.
Jukwaa lilimlipa makofi,
na makofi hayakaangi samaki;
ana watoto watatu Muheza, na paa linavuja.
Akaenda.
Alirudi mara moja, kuchukua taipureta na viatu,
akanionyesha alichokuwa akiandika sasa.
Kila tukio lilianza kama taarifa ya polisi:
NDANI. USIKU.
NJE. MCHANA.
"Na mimi humu nakaa wapi?"
Akacheka. Kisha akatafuta, kweli alitafuta,
kidole kikishuka mstari kwa mstari,
ndani, nje, usiku, mchana.
"Wakisahau wanarudia," akasema.
"Hata mara kumi na tano. Ile ya kusahau inatupwa."

Inatupwa wapi, sikumuuliza.

Nikasikia ameandika filamu saba, kisha kumi na moja.
Majini, mawifi, mapanga, urithi wa nyumba.
Nyingine walimkatia mwisho, wakabandika harusi.
Jina lake lilipita chini ya kioo mbiombio
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.

Jana, Ngamiani, banda la video barabara ya kumi na tatu.
Shilingi mia tano, benchi, karanga.
Binti yuko mlangoni kwao na begi moja.
Kamera ikamsogelea, ikamsogelea,
mpaka nikaona jasho likichagua njia shavuni.
Ukaribu huo nilidhani ni wangu peke yangu,
mimi niliyezoea kuona migongo ya wafalme
ikilowa chini ya joho.

Binti akanyamaza.
Pumzi moja. Mbili.
Mwili wangu ukainama wenyewe, mkono ukatafuta tochi.
"Mama," nikanong'ona.

"Mama," akasema, "nimerudi, lakini sikuja."

Banda zima kimya. Hata mwenye karanga.

Mtoto wa jirani yangu akanigeukia:
"Bibi, kumbe hii ulishaiona!"
"Sijaiona," nikamjibu. "Nilikaa nyuma."

Majina yalipoanza kupanda nikasimama, miwani mkononi.
Wakazima jenereta.